Kompyuta Inapochora Ubongo wa Mtoto

Siku hizi hesabu nyingi za udaktari hufanywa na kompyuta, na watu huzipokea kwa heshima kubwa kwa kuwa zimetoka katika mashine. Somo letu la leo ni juu ya hesabu moja ya namna hiyo, nayo ni kupima unene wa ganda la ubongo wa mtoto kwa kutumia picha za mashine ya MRI. Nimelichagua somo hili kwa sababu mbili. Kwanza, fizikia, elimu ya viumbe na jometri mnazosoma darasani zote zakutana humo. Pili, lafundisha jambo ambalo kila mwanafunzi wa sayansi hana budi kulijua: jibu lililokamilika huenda lisiwe jibu la kweli.

Kazi yenyewe naijua. Chuoni nilifundishwa kukagua picha za namna hii, nami nimekwisha tazama mamia yake, moja baada ya moja. Ni picha za watoto waliojitolea, kwa idhini ya wazazi wao, kwa ajili ya uchunguzi. Hazina majina, na hata sura za watoto zimefutwa ili mtu yeyote asiweze kuwatambua. Basi na tuanze na ubongo wenyewe.

GANDA LA KIJIVU

Ubongo ukikatwa, rangi mbili huonekana. Nje kuna ganda jembamba la rangi ya kijivu. Ndani yake kuna sehemu nyeupe. Katika ganda la kijivu ndimo zilimo chembe nyingi zinazotuwezesha kuona, kusema, kukumbuka na kufikiri. Sehemu nyeupe ni nyuzi zinazopeleka habari kutoka mahali hadi mahali, nazo ni nyeupe kwa sababu zimevikwa mafuta yaitwayo mayelini, mfano wa waya wa umeme uliovikwa mpira.

Ganda hilo si tambarare. Limekunjwakunjwa likafanya matuta na mifereji, kama shamba la viazi lililolimwa. Theluthi mbili hivi za eneo lake zimefichika ndani ya mifereji. Unene wake ni milimita 1 hadi milimita 4 na nusu, na kwa wastani ni milimita 2 na nusu tu. Mtoto anapokua, unene huo hubadilika kidogo kidogo, sehemu ndogo tu ya milimita kwa mwaka. Wataalamu hutaka sana kuupima. Wangependa kujua ukuaji wa kawaida ukoje, na kama watoto wenye kifafa, au waliozaliwa kabla ya miezi yao kutimia, au wasioweza kabisa kutulia darasani, wanatofautiana na wenzao.

Sasa fikiri: utapimaje kitu chembamba hivyo, kilichokunjamana, tena kilichofungiwa ndani ya fuvu la mtoto aliye hai?

PICHA ISIYOHITAJI KISU

Mwili wetu umejaa maji, na kila molekuli ya maji ina atomu mbili za haidrojeni. Kiini cha atomu hiyo ni kama sumaku ndogo sana. Mashine ya MRI ni sumaku kubwa yenye umbo la bomba, na mtu hulazwa ndani yake. Nguvu ya mashine nyingi za hospitali kubwa ni Tesla 1.5 au Tesla 3. Nguvu ya sumaku ya dunia, ile inayogeuza dira, ni kama Tesla 0.00005. Basi mashine ya Tesla 3 huishinda dunia mara 60,000 hivi.

Ndani ya sumaku hiyo viini vya haidrojeni hujipanga. Mashine huvipiga kwa mawimbi ya redio, navyo vinaporudi katika hali ya kwanza hutoa mawimbi hafifu ambayo mashine huyapokea. Viini vilivyo katika maji, katika mafuta na katika nyama havirudi kwa mwendo mmoja. Kutokana na tofauti hiyo kompyuta hupata weupe, ukijivu na weusi wa picha.

Picha hiyo si bapa kama ya kamera. Imejengwa kwa vitofali vidogo, kila kimoja kwa kawaida kikiwa na milimita 1 kila upande. Tena haipigwi mara moja. Huchukua dakika 5 hivi au zaidi, na kila sehemu ya mawimbi yanayopokewa huchangia picha nzima. Hivyo mtoto akitikisa kichwa katika dakika ya tatu, uharibifu hauishii katika kona moja. Huenea pote, kama tone la wino katika gilasi ya maji.

WAVU WA PEMBETATU

Zamani mtaalamu alichora mipaka ya ganda kwa mkono, kipande baada ya kipande, na ubongo mmoja ulikuwa kazi ya siku nyingi. Mwaka 1999 Anders Dale, Bruce Fischl na Martin Sereno walieleza njia ya kuifanyisha kompyuta kazi hiyo, na programu yenye njia hiyo, iitwayo FreeSurfer, hutumiwa leo katika nchi nyingi. Bila programu za namna hii uchunguzi mkubwa haungewezekana. Huko Marekani, kwa mfano, uchunguzi uitwao ABCD ulianza mwaka 2016 kuandikisha watoto wa miaka 9 na 10, nao wakazidi 11,000. Nani angeweza kuchora bongo zote hizo kwa mkono?

Programu hufanya kazi kwa hatua. Kwanza husawazisha mwanga wa picha, ili sehemu nyeupe iwe na namba moja pote. Katika FreeSurfer namba hiyo ni 110. Pili huondoa fuvu, macho na utando unaofunika ubongo. Tatu hukusanya vitofali vyeupe na kuvifunika kwa wavu wa pembetatu ndogo. Wavu wa nusu moja ya ubongo una vipeo zaidi ya laki moja. Huo ndio mpaka kati ya nyeupe na kijivu; tuuite uso wa ndani. Nne, wavu husukumwa polepole kwenda nje mpaka ufike pale kijivu kinapokwisha na maji yanayouzunguka ubongo yanapoanza. Huo ndio uso wa nje. Umbali kati ya nyuso hizo mbili ndio unene wa ganda.

Huenda msomaji akauliza: ikiwa kitofali kina milimita 1, yawezekanaje kupima sehemu ya milimita? Jibu ni hili. Kitofali kilicho mpakani kina nyeupe kidogo na kijivu kidogo, nacho hupata rangi ya katikati. Kama nusu yake ni nyeupe na nusu ni kijivu, kompyuta hupitisha wavu katikati ya kitofali. Kama robo tu ni nyeupe, wavu hupita karibu na ukingo. Njia hii ni ya busara, lakini yategemea sharti moja, nalo ni kwamba rangi iseme kweli. Rangi ikidanganya, wavu nao huenda mahali pasipo pake.

TAABU TATU ZA PICHA ZA WATOTO

Taabu ya kwanza ni kutotulia. Mashine hugonga kama nyundo juu ya bati, na bomba lake ni jembamba. Mtu mzima hustahimili. Mtoto wa miaka 5 hujikuna, humeza mate, hugeuza kichwa kumtafuta mama yake. Picha hupata mistari kama viwimbi vya bwawa lililotupiwa jiwe, na mipaka hufifia. Kwa watoto wakubwa zaidi kuna pia vyuma vya kunyoosha meno. Vyuma hivyo hupotosha nguvu ya sumaku iliyo karibu, na sehemu ya mbele ya ubongo huweza kupindika au kutoweka pichani.

Taabu ya pili ni rangi zenyewe. Mtoto huzaliwa kabla nyuzi za ubongo wake hazijavikwa mayelini zote. Katika picha za namna inayotumiwa zaidi, sehemu nyeupe ya mtu mzima hung'aa kuliko ganda la kijivu. Kwa mtoto mchanga mambo ni kinyume: ganda ndilo ling'aalo. Afikapo miezi 6 hivi, rangi hizo mbili hukaribia kulingana, na hata jicho la mtaalamu hupata shida kuzitenganisha. Mwaka wa kwanza unapokwisha, picha huanza kufanana na ya mtu mzima. Sasa programu iliyoambiwa kwamba nyeupe ndiyo ing'aayo itafanya nini mbele ya picha ya mtoto mchanga? Itachora kwa bidii, lakini itakachochora hakitakuwa ubongo wa mtoto yule. Ndiyo sababu wataalamu wametengeneza programu za wachanga peke yao. Mwaka 2020 Lilla Zöllei na wenzake walitangaza FreeSurfer ya watoto tangu kuzaliwa hadi miaka 2.

Msidhani kwamba baada ya hapo taabu ya rangi imekwisha. Sehemu za mbele za ubongo, na ncha zilizo ndani ya mashavu ya fuvu karibu na masikio, huvikwa mayelini mwishoni. Nyuzi za hapo ni nyembamba na weupe wake ni hafifu. Mara nyingi nimeona uso wa ndani ukikatiza njia mahali hapo na kuliacha tuta zima nje, kana kwamba mtoto hakuzaliwa nalo.

Taabu ya tatu ni mfano wa kulinganishia. Ili ijue iko wapi, programu huulinganisha ubongo inaoupima na atlasi. Atlasi maarufu ya Talairach na Tournoux, iliyotolewa mwaka 1988, ilitokana na ubongo wa mwanamke mmoja wa miaka 60, na nyingi zilizofuata zilitokana na watu wazima. Kwa mtoto mchanga jambo hilo lina hatari kubwa. Kwa mtoto wa shule hatari ni ndogo zaidi, maana afikapo miaka 6 ubongo wake umekwisha pata zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za ukubwa wa utu uzima. Mwaka 2010 Satrajit Ghosh na wenzake walichunguza watoto wa miaka 4 hadi 11, wakaona ya kuwa nyuso za bongo zao zaweza kulinganishwa na za watu wazima bila hitilafu kubwa. Kwa hiyo kwa watoto wa umri huo, taabu kubwa ni ile ya kwanza.

KOSA LENYE UPANDE MMOJA

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Tuseme darasa zima limepewa kazi ya kupima urefu wa meza. Mmoja atazidisha kidogo, mwingine atapunguza kidogo. Mkijumlisha na kugawanya, makosa yatafutana na wastani wenu utakuwa karibu na kweli. Makosa ya namna hiyo si ya kuogopwa sana. Dawa yake ni kupima mara nyingi. Lakini tuseme kamba mnayopimia imevutwa ikarefuka, na alama zake zimeachana. Ninyi nyote mtapata urefu pungufu, hata mkiwa elfu. Kuongeza wapimaji hakutasaidia kitu.

Kutikisika kwa kichwa ni kosa la namna hii ya pili. Mwaka 2015 Martin Reuter na wenzake walitoa habari za jaribio zuri. Watu wazima wenye afya walilazwa katika mashine wakatulia. Kisha walipigwa picha tena huku wakitikisa kichwa kwa namna walizoagizwa. Ubongo ni ule ule, hakuna kilichobadilika ila mwendo. Lakini kadiri mtu alivyotikisika, ndivyo programu ilivyoona ganda la kijivu likipungua na kukonda. Hata walipoziondoa picha zilizoonekana mbaya kwa macho, upungufu ulibaki katika zile zilizosalia.

Sasa jiulize: ni watoto gani wanaotikisika zaidi? Wadogo hutikisika kuliko wakubwa. Wenye maradhi ya kutotulia hutikisika kuliko watulivu. Tuseme tumewapima watoto hamsini wenye maradhi hayo na hamsini wasio nayo, na kompyuta ikasema kuwa wale wa kwanza wana ganda jembamba zaidi. Je, hiyo ni habari ya bongo zao, au ni habari ya kutikisika kwao? Kwa namba peke yake hatuwezi kujua. Kosa limevaa kanzu ya ugunduzi. Na hili si jambo la vitabuni tu. Mzazi aweza kuambiwa kwamba watoto mfano wa mwanawe wana ubongo pungufu, na mwalimu akapata sababu ya kuwakatia tamaa, kumbe kilichopunguka ni ubora wa picha.

Mfano mwingine watoka katika habari za ukuaji. Kwa muda fulani iliandikwa kwamba katika sehemu nyingi za ubongo ganda hunenepa kwanza utotoni, kisha hukonda katika ujana. Mwaka 2016 Simon Ducharme na wenzake walizitazama upya picha za watoto na vijana wa miaka 5 hivi hadi 22, wakazikagua kwa ukali. Walipoziondoa zenye kasoro, kile kilima cha kunenepa na kukonda kilitoweka katika sehemu nyingi, na mahali pake ukabaki mteremko tu: ganda hukonda polepole tangu utotoni. Sababu yaeleweka. Wadogo kabisa ndio waliotikisika zaidi. Picha zao ziliwafanya waonekane wembamba kuliko walivyo. Basi wenzao waliowazidi umri kidogo wakaonekana kana kwamba wamenenepa.

Hata huko kukonda kwenyewe kwahitaji tahadhari. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, wakichunguza sehemu za ubongo zinazohusika na kuona, walionyesha ya kuwa mayelini huongezeka ndani ya ganda lenyewe mtoto anapokua. Sehemu ya chini ya ganda huzidi kung'aa, na programu huihesabu kuwa ni nyeupe. Mpaka wa pichani umesogea, lakini huenda ganda halikupungua kwa kiasi hicho. Hapa picha ni safi na kompyuta haikukosea kufuata rangi. Sisi ndio tunaopaswa kukumbuka kwamba tulichopima ni mpaka wa rangi.

NAMNA YA KUKAGUA

Kwa bahati njema ziko njia za kulinda kazi. Ya kwanza ni macho. Mkaguzi huufungua ubongo wote kipande baada ya kipande, huku mistari ya uso wa ndani na uso wa nje imechorwa juu ya picha. Hutafuta mambo matatu. Je, mstari wa nje umetoka ukashika utando? Hapo ganda litaonekana nene. Je, wakati wa kuondoa fuvu kipande cha ganda kimekatwa nalo? Hapo litaonekana jembamba. Je, mstari wa ndani umeruka tuta? Hapo hesabu ya mahali pale haina maana. Akiona kosa, hasogezi mstari kwa mkono apendavyo. Hufuta utando uliobaki, au huweka alama juu ya vitofali na kuiambia programu, "Hivi ni vyeupe," kisha programu hurudia kazi yake. Yafaa wakaguzi wawe wawili, kila mmoja peke yake, na wasijue umri wala ugonjwa wa mtoto, maana jicho la mwanadamu nalo huona linachotazamia.

Njia ya pili ni hesabu, nayo ni ya zamani kuliko kompyuta. Katika karne ya 18 Leonhard Euler alionyesha kanuni hii: katika umbo lisilo na tundu la kupita, hesabu vipeo, toa kingo, ongeza pande, nawe utapata 2. Jaribu kwa boksi: vipeo 8, kingo 12, pande 6. Nane kutoa 12 kuongeza 6 ni 2. Sasa chukua umbo lenye tundu, kama fremu ya picha ya ukutani iliyoungwa pembeni kwa mistari ya mshazari. Ina vipeo 16, kingo 32, pande 16. Jibu ni 0. Kila tundu linaloongezeka hupunguza 2.

Uso wa kila nusu ya ubongo, ukifungwa vizuri, ni kama puto lililokunjamana. Hauna tundu la kupita. Basi wavu wake ungepasa kutoa 2. Lakini wavu wa kwanza, kabla programu haijaurekebisha, huwa na matundu na vishikio kama vya kikombe, mahali ambapo vitofali viliunganishwa au kuachanishwa kimakosa. Tukipata namba -40, tunajua kuwa 2 imepungua kwa 42, yaani wavu una matundu 21. Picha ikiwa mbaya, matundu huwa mengi. Mwaka 2018 Adon Rosen na wenzake walionyesha ya kuwa namba ya Euler hukubaliana vizuri na maoni ya wakaguzi waliotazama picha kwa macho.

Angalieni jambo hili: tunahesabu matundu kabla ya marekebisho. Baada yake programu huziba matundu yote, na kila ubongo hutoka laini na mzuri, uwe umetokana na picha safi au chafu. Wahenga walisema, penye urembo ndipo penye urimbo. Nimeona nyuso zinazopendeza machoni kama ufinyanzi wa fundi bingwa, na chini yake picha iliyojaa mawimbi. Programu haina desturi ya kusema, "Hapa sikuona vizuri." Huchora mpaka mwisho.

TUTUPE PICHA MBAYA?

Huenda ukasema: basi tuzitupe zote zenye kasoro, tumalize shauri. Mara nyingi hatuna budi kufanya hivyo, lakini nako kuna gharama. Wanaotikisika sana ndio wadogo na ndio wagonjwa. Tukiwaondoa wote, tutabaki na watoto watulivu peke yao, nasi tutatoa habari za watoto wote kwa kuwatazama wachache walioweza kulala kimya. Hilo nalo ni kosa lenye upande mmoja.

Kwa hiyo kinga ni bora kuliko dawa. Katika vituo vingi mtoto huzoezwa kwanza katika bomba la mfano lisilo na sumaku, asikilize kelele zake na kujifunza kutulia kama sanamu. Wakati wa picha huonyeshwa sinema. Mashine nyingine hufuata mwendo wa kichwa na kurudia sehemu iliyoharibika. Na mtafiti mwaminifu huandika ni picha ngapi alizitupa, kwa nini, na za watoto gani.

HABARI HIZI NA NCHI ZETU

Mwenye kusoma hapa Uganda asidhani kuwa mambo haya ni ya mbali. Mwaka 2022, katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, wataalamu wetu pamoja na wenzao wa ng'ambo waliunga mashine ya MRI hapo hapo chuoni. Nguvu yake ni Tesla 0.05 hivi, sehemu moja ya sitini ya mashine ya Tesla 3. Nia yao ni kuwasaidia watoto wenye ugonjwa wa maji kujaa kichwani. Mashine kama hiyo ni ya bei nafuu, lakini picha zake ni hafifu, na kupima kwa picha hizo ganda la milimita 2 na nusu ni kazi ngumu sana. Je, ni mashine isiyofaa? Hasha! Daktari wa upasuaji hahitaji unene wa ganda. Ahitaji kuona maji yako wapi na ni mengi kiasi gani. Kwa swali hilo picha hafifu yaweza kutosha.

Vivyo hivyo huko Blantyre, Malawi. Mashine ya Tesla 0.35 ilitumika kuwachunguza watoto 168 wenye malaria iliyopanda kichwani, na habari zake zilitangazwa mwaka 2015. Watoto 25 walifariki, na 21 kati yao walikuwa wameonekana wamevimba ubongo sana walipoingia hospitali. Madaktari walizisoma picha kwa macho, nao wakajibu swali kubwa kuhusu kinachoua watoto hao. Swali lao lilifaa kwa picha walizokuwa nazo.

Basi tunapoletewa namba kutoka katika mashine, tuulize maswali matatu. Picha ilikuwaje? Nani aliikagua? Na je, kosa lililobaki ni dogo kuliko tofauti tunayoitafuta? Ikiwa ganda lina milimita 2.5 na kosa ni milimita 0.25, hilo ni sehemu moja kwa kumi. Anayetafuta badiliko la sehemu moja kwa mia kwa kipimo hicho atapata jibu, lakini halitakuwa jibu la swali lake.

MASWALI

1. Eleza kwa nini mtoto akitikisika kwa muda mfupi picha nzima ya MRI huharibika.

2. Kuna tofauti gani kati ya kosa linalofutika kwa kupima mara nyingi na kosa lisilofutika? Toa mfano wako mwenyewe wa kila moja.

3. Wavu wa nusu moja ya ubongo una namba ya Euler -16 kabla ya kurekebishwa. Una matundu mangapi?

4. Kitofali chenye milimita 2 kila upande kina ujazo mara ngapi kuliko chenye milimita 1? Kwa nini kitofali kikubwa huleta shida katika kupima ganda la ubongo?

5. Mtafiti amewatupa watoto wote waliotikisika, kisha akaandika habari za "watoto wa miaka 6". Ungemwuliza maswali gani?